Kuhariri picha kwa simu: jinsi ya kuanza, na jinsi ya kuokoa picha ya zamani ya ukoo

Msiba ukitokea nyumbani, kitu kimojawapo kinachotafutwa mapema ni picha ya marehemu. Mara nyingi haipatikani haraka. Mwishowe mtu hufungua sanduku la bati la bibi na kutoa picha moja ndogo, imekuwa ya njano, kona imeliwa na mende na katikati kuna alama ya kukunjwa. Kijana mmoja anapewa picha hiyo na kupanda bodaboda kwenda studio mjini, akiomba Mungu isipotee njiani wala mvua isiilowanishe.

Siku hizi sehemu kubwa ya kazi ile ya studio inaweza kufanyika nyumbani, kwa simu iliyo mkononi mwako, na si lazima usubiri msiba. Makala hii inaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuanza kuhariri picha kwa simu, hasa picha za zamani za familia. Tunaeleza pia pale ambapo kuhariri kunapaswa kukoma, kwa sababu programu inayoweza kufuta doa inaweza pia kufuta ukweli.

Kuhariri picha ni nini

Wazee wetu wanakumbuka neno "kusafisha picha". Mpiga picha alimaliza filamu yake, akaipeleka kwenye chumba cha giza, na huko picha ikatokea kwa kutumia dawa. Fundi mzuri aliweza kuifanya picha iwe na mwanga zaidi au giza zaidi, na kwa brashi ndogo aliweza kuziba alama nyeupe zilizoachwa na vumbi. Kwa hiyo kuhariri picha hakukuanza na kompyuta.

Kilichobadilika ni kifaa. Mwaka 1990 kampuni ya Adobe ya Marekani ilianza kuuza programu ya Photoshop, iliyobuniwa na ndugu wawili, Thomas Knoll na John Knoll. Mwaka 1996 ikatolewa GIMP, programu ya kompyuta inayofanya kazi kama hiyo na ambayo hailipiwi. Leo sehemu kubwa ya kazi hizo imeingia kwenye simu.

Ukiisogeza picha ya simu karibu sana kwa vidole viwili, utaona imetengenezwa kwa nukta ndogo za rangi. Nukta hizo huitwa pikseli. Kamera inayosemwa kuwa ya "megapikseli 12" hutoa picha yenye nukta kama milioni 12. Kuhariri ni kubadilisha nukta hizo, ama zote kwa pamoja, kama unapoongeza mwanga wa picha nzima, ama chache tu, kama unapofuta doa kwenye shavu.

Hapo tayari tunapata kanuni moja. Programu inaweza kupanga upya kilichopo kwenye nukta. Haiwezi kurudisha kile ambacho kamera haikukiona. Uso uliotoka kama kivuli cheusi kabisa hauna cha kurudishwa. Ndiyo maana nusu ya kazi ya kuhariri hufanyika kabla hujafungua programu yoyote.

Programu ipi ya kuanzia

Anza na ile uliyonayo. Karibu kila simu janja ina sehemu ya kutazamia picha, na ukifungua picha yoyote utaona alama ya penseli au ya mistari yenye vitufe vidogo. Gusa hapo. Utapata zana za kukata kingo, kunyoosha, kuongeza mwanga na kubadilisha rangi. Kwa picha za kila siku, hizo zinatosha.

Ukitaka zana zaidi, Snapseed ni programu nzuri ya kuanzia. Inamilikiwa na kampuni ya Google na ni ya bure. Ukishaipakua, kazi ya kuhariri yenyewe haihitaji intaneti, jambo muhimu kwa wasikilizaji wetu walio mbali na minara au waliobakiwa na bando dogo. Katika zana zake nyingi, unatelezesha kidole juu na chini kuchagua unachotaka kubadilisha, kisha kushoto au kulia kupunguza au kuongeza.

Pakua programu kutoka Play Store au duka rasmi la simu yako, usipokee iliyotumwa na mtu kwa WhatsApp au Bluetooth. Tena, soma kile programu inachoomba ruhusa ya kutumia. Programu ya picha inahitaji kuona picha zako, na pengine kamera. Haihitaji kusoma ujumbe wako mfupi wala orodha ya namba zako. Ikiomba hayo, kataa na uiondoe. Ujumbe mfupi ndiyo njia ambayo taarifa za pesa zako za simu hupitia, na wezi wanalijua hilo.

Kupiga picha ya picha

Picha ya karatasi lazima kwanza iingie kwenye simu. Kuna mashine za kunakili picha mjini, lakini simu inayotumiwa kwa uangalifu hutoa nakala nzuri.

Anza na picha yenyewe. Iondoe vumbi kwa kitambaa kikavu na laini au brashi laini. Usitumie maji wala mate, kwa sababu ngozi ya juu ya picha hulainika na kubanduka. Kama picha iko kwenye fremu, itoe kwenye kioo polepole. Ikiwa imegandamana na kioo, iache hivyo hivyo. Ukiilazimisha, uso wa mtu unaweza kubaki kwenye kioo na wewe ukabaki na karatasi tupu. Katika hali hiyo piga picha juu ya kioo, na simama mahali ambapo hakuna mng'ao.

Tafuta mwanga wa kivulini. Meza iliyowekwa karibu na mlango au dirisha ni mahali pazuri, au chini ya mwembe wenye kivuli kizito kisicho na madoa ya jua. Usipige picha kwenye jua kali wala kwa tochi ya kamera, kwa sababu picha za karatasi zina mng'ao na utapata doa jeupe katikati ya uso.

Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi. Mikono yenye mafuta ya kupikia au vumbi la kiangazi huacha ukungu ambao watu wengi hudhani ni ubovu wa simu.

Laza picha pasipo na mteremko, kisha shika simu juu yake ikiwa sambamba nayo, bila kuinama upande wowote. Simu ikiinama, picha hutoka upande mmoja mpana na mwingine mwembamba. Ukiwa na matofali mawili au makopo mawili yenye urefu sawa, unaweza kulaza simu juu yake ili mkono usitetemeke. Gusa uso wa mtu kwenye skrini ili kamera ilenge hapo, subiri kidogo, kisha piga. Piga tatu au nne na uchague iliyo kali zaidi.

Mwisho, geuza picha na upige upande wa nyuma. Kama kuna maandishi, mhuri wa studio au tarehe, hivyo vina thamani sawa na uso ulio mbele.

Kabla ya kugusa chochote: tengeneza nakala

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka na kuijutia. Programu nyingine, ukibonyeza kuhifadhi, huandika mabadiliko juu ya picha ya kwanza. Programu nyingine hutengeneza nakala mpya. Kabla hujaijua vizuri programu yako, nakili picha kwanza, kisha hariri ile nakala. Tengeneza albamu mbili kwenye simu: moja iite "Asili" na nyingine "Zilizohaririwa". Kilicho ndani ya "Asili" hakiguswi na mtu yeyote.

Sababu ni rahisi. Leo utaipenda kazi yako. Mwaka ujao utakuwa na simu bora na mkono mzuri zaidi, na utataka kuanza upya. Ukiwa na asili, unaweza. Bila asili, makosa ya leo ndiyo picha ya babu milele.

Hatua sita za kuhariri

Fuata mpangilio huu. Kila hatua huirahisishia kazi inayofuata.

Kwanza, nyoosha. Picha nyingi hutoka zimelala upande. Tumia zana ya kuzungusha mpaka ukingo wa picha uwe wima. Kama upande mmoja umetoka mpana kuliko mwingine, Snapseed ina zana ya kurekebisha mwelekeo huo.

Pili, kata kingo. Ondoa meza, kidole chako na kitambaa kilichoonekana pembeni. Lakini usikate ndani ya picha yenyewe. Ukingo mweupe wa picha ya zamani, pazia la studio, kiti, redio iliyowekwa mezani kwa mapambo, vyote vinaeleza picha ilipigwa lini na wapi. Ukitaka uso peke yake kwa ajili ya tangazo, tengeneza nakala nyingine.

Tatu, rekebisha mwanga. Picha iliyofifia huonekana kama imefunikwa na vumbi: palipokuwa peusi pamekuwa kijivu, na palipokuwa peupe pamekuwa njano. Ongeza kidogo tofauti kati ya mwanga na giza. Kisha angalia macho na nywele. Nywele zikigeuka kuwa doa moja jeusi lisilo na chochote ndani yake, umezidisha. Rudi nyuma.

Nne, rekebisha rangi. Kama picha ilikuwa nyeusi na nyeupe tangu mwanzo na sasa imekuwa ya njano, igeuze tena kuwa nyeusi na nyeupe. Unjano huondoka mara moja. Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 ni ngumu zaidi. Rangi zake hazififii kwa kasi moja, na nyingi hubaki na wekundu. Punguza wekundu na joto la rangi kidogo kidogo, lakini usitegemee nguo irudi ilivyokuwa. Rangi iliyotoweka kwenye karatasi imetoweka.

Tano, futa madoa. Katika Snapseed zana hii ina alama ya plasta ya kidonda, na jina hilo linaifaa. Inachukua nukta za jirani na kuziba nazo doa. Isogeze picha karibu kwa vidole viwili, kisha gusa doa moja moja. Ukiburuta kidole kwa mstari mrefu, programu huchanganyikiwa na kuweka sikio mahali pa shavu. Anza na ukuta na nguo, halafu uso mwishoni. Na kabla ya kufuta, jiulize: hili ni doa la karatasi, au ni alama ya mwili? Chale za usoni, kovu au ndui si vumbi. Mwenye uso alikuwa navyo.

Sita, ongeza ukali kidogo. Zana hii huzifanya kingo za macho na nyuzi za nguo zionekane vizuri. Ukizidisha, ngozi huwa kama mchanga.

Baada ya kila hatua, linganisha na picha ya mwanzo. Katika programu nyingi unagandamiza kidole juu ya picha na ile ya awali huonekana. Ukimaliza, iache picha mpaka kesho, kisha itazame tena asubuhi. Jicho lililochoka hupenda kuzidisha.

Picha unazopiga leo

Hatua hizo hizo zinafaa kwa picha mpya, iwe ya harusi, ya mtoto au ya asali unayotaka kumwonyesha mnunuzi. Tunaongeza mambo mawili.

La kwanza ni ngozi zetu. Ukimpiga mtu picha mbele ya anga jeupe, kamera hupima mwanga wa anga na kuuacha uso gizani. Gusa uso wake kwenye skrini kabla ya kupiga, au mgeuze mwanga umfikie usoni. Saa za asubuhi na za jioni, jua likiwa chini, zinafaa kuliko saa saba mchana. Kama umeshapiga na uso ni mweusi mno, usiongeze mwanga wa picha nzima. Tafuta zana inayorekebisha sehemu moja, uguse uso, uongeze hapo tu.

La pili ni kipengele cha urembo. Simu nyingi hukiwasha zenyewe. Hulainisha ngozi na kuifanya nyeupe, na wakati mwingine hupunguza pua na kukuza macho. Kizime kwenye mipangilio ya kamera. Mtoto wako akija kuitazama picha hiyo miaka 30 baadaye, amwone mama yake, asimwone mgeni.

Akili mnemba na uso wa bibi

Siku hizi kuna programu zinazodai kwamba zinaweza kuchukua picha iliyofifia na kuitoa kali kama ya jana, na hata kuipaka rangi. Hutumia akili mnemba. Ni vizuri kuelewa zinavyofanya kazi.

Programu hiyo haimjui bibi yako. Imefundishwa kwa picha nyingi mno za watu wengine, na inapoona uso wenye ukungu, inakisia uso wa aina hiyo kwa kawaida hufananaje. Kisha inachora kisio lake. Matokeo hupendeza, lakini kope zile zinaweza kuwa si za bibi, na meno yale yanaweza kuwa si yake. Rangi pia ni kisio. Khanga inayopakwa bluu inaweza kuwa ilikuwa nyekundu, na shangazi aliyeivaa anaweza kukuambia.

Hatusemi usizitumie. Tunasema picha iliyotoka humo iandikwe kwamba imetengenezwa kwa akili mnemba, na iwekwe kando na ile ya asili. Kumbuka pia kwamba programu nyingi za aina hii hupeleka picha yako kwenye kompyuta za kampuni huko mbali. Fikiri kabla ya kupeleka picha za watoto.

Picha ilidanganya hata kabla ya programu

Hapa Tabora tuna mfano wa zamani unaotusaidia kufikiri.

Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alifika Unyanyembe akifuata njia ya misafara kutoka Bagamoyo. Alikaa Kwihara, katika tembe ambalo baadaye alirudi akiwa na David Livingstone baada ya kukutana naye Ujiji. Akiwa Unyanyembe, mfanyabiashara Mwarabu alimpa mtoto mtumwa kama zawadi. Mtoto huyo aliitwa Ndugu Mhali. Stanley akambadilisha jina, akamwita Kalulu, na akaondoka naye hadi Uingereza.

Mwaka 1872, London, wawili hao walipigwa picha studio. Stanley amevaa nguo zake za safari, na mtoto yuko pamoja naye, kana kwamba wako njiani katika nchi yetu. Kumbe wako ndani ya chumba, Ulaya, mbele ya kamera ya biashara, na picha zile ziliuzwa kwa watu. Hakuna nukta iliyobadilishwa. Hata hivyo picha ile inasimulia jambo ambalo halikutokea mahali pale.

Mtoto yule alikufa maji mwaka 1877 katika mto Kongo, akiwa kwenye safari nyingine ya Stanley. Picha zake bado zipo mpaka leo. Lakini chini yake, mara nyingi, limeandikwa jina alilopewa na Stanley, si lile alilokuja nalo Unyanyembe.

Tunajifunza mambo mawili. Picha hudanganya kwa jinsi ilivyopangwa na kwa maneno yaliyo chini yake, si kwa programu peke yake. Na jina ni sehemu ya picha. Uso uliosafishwa vizuri usio na jina, baada ya vizazi viwili, ni uso wa mtu asiyejulikana.

Andika majina wazee wakiwa hai

Kwa hiyo hatua ya mwisho ya kuhariri haifanywi na programu. Chukua simu, kaa na mzee, mwonyeshe picha na umuulize: Huyu ni nani? Huyu aliyesimama nyuma? Ilipigwa wapi? Ilikuwa kabla ya nani kuzaliwa? Unaweza kumrekodi sauti anapojibu, kama anakubali. Kisha badilisha jina la faili kutoka tarakimu za kamera na uandike jina la mtu, mahali na mwaka, hata kama mwaka ni wa kukadiria.

Ukoo wa watu wa huku umetawanyika. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo ndugu wamekuwa wakipanda treni kwenda Dar es Salaam, Mwanza au Kigoma na kuhamia huko. Picha walikwenda nazo. Inawezekana picha nzuri ya babu yako, ambayo haikuliwa na mende, iko kwa mama mdogo aliyeko Ujiji. Mpigie uulize.

Kutuma, kutunza na kuchapa

WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha ili isile bando. Kwa salamu haina neno. Kwa picha ya ukoo ni hasara, kwa sababu aliyeipokea atapata nukta chache na akiichapa itatoka na ukungu. Itume kama faili, kwa kugusa alama ya karatasi badala ya alama ya picha. Nukta zote zitafika. Kama mko karibu, tumieni Bluetooth au memori kadi, ambazo hazihitaji bando.

Tunza nakala tatu mahali patatu: kwenye simu yako, kwenye memori kadi au fleshi iliyowekwa pakavu, na kwa ndugu anayekaa nyumba nyingine. Picha moja ya simu huwa na ukubwa wa kama MB 3 hadi 5, kwa hiyo GB moja hubeba zaidi ya picha 200. Ukiwa na intaneti nzuri, akaunti ya Google hutoa GB 15 za bure, ingawa nafasi hiyo unaigawana na barua pepe zako. Simu huibwa, huanguka kisimani na hufa chaji siku ya kuhitajika. Usiweke ukoo mzima mahali pamoja.

Na chapa. Kwa picha ya inchi 4 kwa 6, inayotosha kwenye albamu, nukta 1,200 kwa 1,800 zinatoa picha kali. Simu nyingi hutoa zaidi ya hapo. Nyuma ya karatasi andika majina kwa penseli laini. Kalamu ya wino hupenya na kuacha alama upande wa mbele.

Mahali pa kukoma

Kuna picha ambazo hazihaririwi zaidi ya kukata kingo na kuongeza mwanga kidogo, na nyingine haziguswi kabisa. Picha ya kitambulisho au pasipoti iwe kama ulivyo. Cheti, risiti, hati ya shamba na stakabadhi ya mazao haziongezwi wala kupunguzwa herufi. Hapo hakuna tena kuhariri, hiyo ni kughushi. Picha ya ajali, ya mkutano au ya mgogoro wa mpaka wa shamba ni ushahidi, nayo ukiondoa mtu au kuongeza kitu umetengeneza uongo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa mambo ya kughushi kwa kompyuta na kusambaza taarifa za uongo, na simu yako imo humo.

Picha ya mtu ni ya mtu pia. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini adabu yetu ilitangulia. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha na kabla ya kuisambaza. Picha ya marehemu iulizie kwa wenye msiba kwanza.

Ukitaka kuanza leo, anza na picha moja tu. Itoe sandukuni, iweke karibu na mlango, ipige mbele na nyuma, tengeneza nakala, kisha mwite aliye mkubwa kuliko wote nyumbani akutajie majina. Madoa yanaweza kusubiri hata mwakani. Yule anayejua majina, hatujui atakuwa nasi mpaka lini.